Gurudumu la Mbele Likiwa Jepesi

Wazee walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndivyo tulivyo sisi sote tupitao njiani. Kila alfajiri, katika barabara ziingiazo mji wetu wa Likasi, wababa na vijana hutoka porini wakileta makala juu ya baiskeli, zile tuziitazo kinga huku kwetu Katanga. Twawatazama, twawapita, na mzigo wao hautulemei hata kidogo. Lakini makala hayo ndiyo yanayopika bukari nyumbani mwetu. Basi yafaa leo tuutazame mzigo huo kwa makini, na hasa tutazame mahali ulipofungwa.

Juma lililopita tulimkuta baba mmoja katika mteremko, karibu na kuingia mjini. Baiskeli yake ilibeba magunia matatu. Mawili yalining'inia ubavuni, kulia na kushoto, na la tatu lilifungwa nyuma kabisa, hata likapita mwisho wa keria. Mbele, juu ya bomba la kati, alikaa mtoto wake wa kiume, umri wake kama miaka minane, mikono yake imeshika usukani pamoja na mikono ya baba. Nyuma yao yalikuja malori makubwa ya madini, maana hiyo ni barabara kuu iendayo Lubumbashi, kadiri ya kilometa 120 kutoka kwetu.

Tulisimama, tukamsalimu.

“Jambo, baba. Mbona mtoto amekaa huko mbele?”

“Jambo, baba. Asipokaa pale, kinga inainuka mbele na kunitupa.”

“Na gunia hili la nyuma haliwezi kungoja kesho?”

“Hapana, baba. Haya ya ubavuni ni ya chakula. Lile la nyuma ndilo la masomo yake.”

Wasomaji wapenzi, tulinyamaza kidogo. Mtoto alikuwa amefanywa jiwe la mizani, ili lisawazishe gunia litakalomlipia masomo. Na kama baiskeli ingeanguka katika mteremko ule, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kufika chini.

Hatuandiki haya kumlaumu baba yule. Yeye anajua vizuri kuliko sisi kwamba gurudumu la mbele likiwa jepesi, usukani haufai kitu. Gurudumu lisilokanyaga ardhi haliwezi kuongoza, hata likishikwa na mkono wenye nguvu namna gani. Neno alilokosa kuambiwa ni hili tu: ugonjwa ulikuwa nyuma, wala dawa yake haikuwa kuongeza uzito mbele.

Na tufanye hesabu ndogo, kama wanafunzi wa shule. Baiskeli tupu ya kilo 20 hukanyaga ardhi kwa magurudumu mawili, na lile la mbele huchukua kilo zisizozidi 10. Tuseme kwamba toka kitovu cha gurudumu la nyuma mpaka kitovu cha lile la mbele ni sentimita 100. Magunia ya ubavuni, yakikaa sawasawa juu ya kitovu cha nyuma, hayaongezi wala hayapunguzi kitu mbele. Sasa funga gunia la kilo 40, na katikati yake pawe sentimita 30 nyuma ya kitovu hicho. Zidisha 40 kwa 30, ugawanye kwa 100: utapata 12. Gunia hilo linaiinua mbele ya baiskeli kwa nguvu ya kilo 12. Zile kilo 10 zimekwisha kuliwa zote, na gurudumu linapaa.

Lichukue gunia lile lile, ulilaze juu ya bomba la kati, kadiri ya sentimita 50 mbele ya kitovu cha nyuma. Zidisha 40 kwa 50, ugawanye kwa 100: utapata 20. Gunia lililoinua sasa linakandamiza, na gurudumu la mbele linapata kilo 20 zaidi za kushikia njia. Mzigo haukupungua hata kilo moja. Umehamishwa mahali pake tu. Ni kweli kwamba baba hataweza tena kupanda. Itambidi atembee kando na kusukuma. Hiyo ndiyo gharama yake, nayo hulipwa kwa saa na kwa jasho. Ni gharama nafuu kuliko mfupa wa mtoto.

Ndugu zetu wa Goma, katika Kivu ya Kaskazini, wanaijua siri hii tangu siku nyingi. Wana chombo chao cha mbao kiitwacho chukudu, chenye magurudumu mawili na ubao mrefu. Mafundi waliokitengeneza waliuweka ubao huo kati ya magurudumu, na mzigo hulazwa chini juu yake. Kwa sababu hiyo mwenye chukudu huweza kushuka mlima na magunia mazito, na usukani ungali unamtii. Mji wa Goma umemsimamishia sanamu mwendesha chukudu, na kwa haki.

Wenye motokaa wasidhani kwamba maneno haya hayawahusu. Jamaa nyingi huhama, leo kwenda Kolwezi, kesho kwenda Lubumbashi, na vyombo vya nyumbani hupakiwa katika tela, yaani kigari kile kivutwacho nyuma ya motokaa. Vitanda huingia, sufuria huingia, magunia ya unga huingia. Mwisho hubaki baiskeli mbili zisizo na mahali, nazo hutundikwa nyuma kabisa, nje ya tela. Watu husema: Ni kilo 40 tu! Lakini kama toka ekseli ya tela mpaka ndoana ya motokaa ni mita 4, na baiskeli zinaning'inia mita 3 nyuma ya ekseli, kilo hizo 40 zinaondoa kilo 30 katika ndoana. Pua ya tela huwa nyepesi, mkia huwa mzito, na mwendo ukizidi tela huanza kuyumba kushoto na kulia kama samaki, hata kuivuta motokaa nje ya njia.

Kanuni ya madereva wengi ni kwamba sehemu moja katika kumi ya uzito wa tela na mizigo yake ikae juu ya ndoana. Basi pakia vizito kwanza, chini kabisa, juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Baiskeli zilaze juu ya paa la motokaa, au uzisimamishe mbele ndani ya tela. Na kama tela imekwisha kuanza kuyumba, usikanyage breki kwa ghafula, wala usipigane na usukani. Ondoa mguu katika mafuta polepole, uushike usukani sawasawa, mwendo upungue wenyewe.

Kuna jambo jingine. Baiskeli ikifungwa nyuma ya lori au tela, ifungwe kwa fremu yake, wala si kwa gurudumu, kwa maana gurudumu huzunguka na kamba hulegea. Mpira wa ndani wa zamani, ukikatwa vipande virefu, hushika vema kuliko kamba ya nailoni. Na tazama taa nyekundu za nyuma zisifichwe. Dereva ajaye nyuma yako usiku, katika vumbi la kiangazi, hana alama nyingine ya kumwonya kwamba uko mbele yake. Kwa masika, mkumbuke kwamba rimu iliyolowa haishiki breki kama rimu kavu. Basi mteremko wa Desemba si mteremko wa Julai, hata kama kilima ni kile kile.

Na akina mama nao wana kazi yao. Asubuhi baba atakapoifunga mizigo yake, simama nyuma ya baiskeli, umwombe aiachilie kidogo, utazame gurudumu la mbele. Likipaa, mwambie kwa upole: Baba, tufungue, tufunge upya. Dakika kumi za uani huzuia miezi ya kitandani.

Yule baba wa mteremkoni tulimsaidia kufungua kamba. Gunia la masomo tulilaza juu ya bomba la kati, pale alipokuwa amekaa mtoto, tukalikaza kwa mipira miwili. Baba alijaribu usukani, kulia na kushoto, akatikisa kichwa, akacheka. Alisema atachelewa sokoni, na kweli jua lilikuwa limekwisha kupanda. Kisha akaanza kushuka kwa miguu, polepole, mkono mmoja katika breki. Mtoto alitembea kando yake, upande wa majani, mbali na malori, akiwa amebeba pampu.