Kikombe Si Kipimo

Methali yetu yasema kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Hatuna ugomvi na methali hii inapokaa mahali pake. Ugomvi wetu ni na wale wanaoichomoa kila wasikiapo habari ya mwanamke aliyekwenda kwa daktari mpasuaji ili akuzwe maziwa, kisha akarudi akilalamika kwamba ukubwa aliopewa sio alioutaka. “Alijitakia mwenyewe,” husema, na mazungumzo hukomea hapo. Sisi twasema kwamba mazungumzo yafaa yaanzie hapo, na kwamba yanatuhusu sisi walimu wa lugha kuliko tunavyopenda kukiri.

Kwanza tuitazame historia. Vifuko vya silikoni vilitiwa kifuani mwa mwanamke kwa mara ya kwanza mwaka 1962, katika mji wa Houston, Marekani, kwa mikono ya madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow. Mwanamke huyo, Timmie Jean Lindsey, alikuwa amekwenda hospitalini kwa ajili ya kufutwa michoro iliyochanjwa mwilini mwake. Madaktari ndio waliomletea shauri la maziwa. Yeye alichotaka kitengenezwe ni masikio yake. Basi tangu siku ya kwanza ya kazi hii, neno la mwenye mwili halikuwa neno la kwanza. Wanaosema “alijitakia” na walikumbuke hilo.

Sasa tuje kwenye kipimo. Mwanamke husema kwa herufi za sidiria: nataka kikombe cha C, nataka cha D. Daktari hupima kwa mililita: kifuko cha 250, cha 300, cha 400. Lugha hizi mbili hazifasiriki moja kwa nyingine. Herufi ya sidiria hutegemea mzunguko wa kifua, hata D ya mwanamke mwembamba ikawa inabeba kidogo kuliko D ya mwanamke mpana. Na viwanda vyenyewe havikubaliani. Kadhalika kifuko kile kile cha mililita 300 huonekana kikubwa katika kifua chembamba, na katika kifua kipana hakionekani sana. Zaidi ya hayo, uvimbe wa upasuaji hupungua polepole, na umbo halitulii ila baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo aliyefurahi wiki ya pili aweza kusikitika mwezi wa sita. Wako wanaolalamika kwamba ni madogo mno. Wako wanaolalamika kwamba ni makubwa mno, mgongo wauma na nguo hazikai. Wote walitamka neno moja, “makubwa,” na kila mtu akalisikia kwa sikio lake.

Wazee wetu hawakufanya biashara hivyo. Sokoni, kabla nafaka haijamiminwa, watu walikubaliana kwanza: kibaba cha tele au kibaba cha mfuto? Mwuzaji aliyeficha kipimo chake aliitwa mwizi, wala mnunuzi hakuambiwa kwamba alijitakia. Je, nafaka ipewe heshima kuliko mwili wa binadamu?

Na hasara yake si ndogo. Kutoridhika na ukubwa ni miongoni mwa sababu zinazojulikana za wanawake kurudi kupasuliwa mara ya pili. Yaani dawa ya usingizi tena, jeraha tena, gharama tena. Vifuko vyenyewe si vya kudumu maisha yote. Mwaka 2021 idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa iliagiza kwamba vifuko hivi viuzwe kwa watabibu wale tu wanaompa mgonjwa orodha ya hatari zake, aipitie, na apewe nafasi ya kutia sahihi. Agizo hilo lilikuja karibu miaka 60 baada ya Houston. Lakini orodha humfaa mtu anayeielewa lugha yake.

Hapa ndipo lawama inapotugeukia. Madarasani tunafundisha kichwa, shingo, mabega. Tukifika kifuani twaruka mpaka magotini. Neno “titi” likitokea, darasa hucheka na mwalimu hufuta ubao. Jambo hili twaliita heshima. Heshima ni kuchagua neno linalofaa mbele ya mtu anayestahili. Si kumwacha mtu bila neno. Mwanafunzi tuliyemlea hivyo, akiwa mtu mzima mbele ya daktari, hutazama chini, hunyosha kidole, husema “hapa,” kisha hutia sahihi karatasi asiyoielewa.

Yuko atakayesema kwamba haya ni mambo ya anasa na ya wenye fedha. Amesahau kwamba vifuko hivyo hivyo hutiwa wanawake waliokatwa titi kwa sababu ya saratani. Je, huyo naye tumjibu kwa methali ya mwiba? Na hata aliyefuata urembo, hatujui kilichompeleka, wala hatukuwekwa kuwa mahakimu wake. Wanaostahili kuulizwa ni wale wanaowatia wanawake haya kwa maumbile yao, kisha wakawauzia dawa ya haya hiyo.

Hatusemi walimu wawe madaktari. Twataka mambo matatu. Majina ya viungo vyote yafundishwe bila kicheko. Karatasi za idhini za hospitali zisomwe darasani kama tusomavyo barua na mashairi. Na mwanafunzi azoeshwe kuuliza: kiasi gani, kwa kipimo kipi? Upana wa kifua changu waruhusu nini? Baada ya miezi sita nitakuwaje? Nisiporidhika, nani atalipa?

Aliyeuliza hivyo, akajibiwa sawasawa, kisha akajuta, huenda methali ikamfaa. Asiyepewa maneno ya kuulizia hakujidunga. Amedungwa, na sisi tulikuwapo tukitazama.