TUMBO LINALOWAKA KILA SIKU

Ndugu wafanya kazi wa Kachibora na mashamba ya jirani,

Wengi wetu tuna desturi moja. Tumbo likiwaka asubuhi, twanunua vidonge vya kiungulia dukani, twatafuna viwili, kisha twashika jembe. Jioni ni vivyo hivyo. Miaka yapita, nasi twasema, "Ni alsa tu, nimezoea." Neno hilo "nimezoea" ndilo lililotufanya tuandike leo.

Zamani hata madaktari waliamini kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo mengi na pilipili. Mwaka 1982, huko Perth, Australia, madaktari wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walifaulu kukikuza kijidudu kiishicho tumboni, kiitwacho helikobakta pilori. Wenzao wengi hawakusadiki. Basi mwaka 1984 Marshall alikunywa vijidudu hivyo yeye mwenyewe, na baada ya siku chache tumbo lake likavimba ndani! Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Mara nyingi kijidudu hiki humwingia mtu angali mtoto, na kisipouawa hukaa. Ngozi ya ndani ya tumbo huvimba miaka mingi, hukonda, hubadilika, na kwa watu wachache hugeuka kansa. Tusitishane: wengi walio nacho hawapati kansa kamwe. Lakini hospitali yaweza kukitafuta kwa kupima choo, na dawa zake zipo: mbili za kuua vijidudu na moja ya kupunguza asidi, kwa siku 14 hivi bila kuacha katikati. Vidonge vya dukani hupoza moto tu. Na zile dawa za mgongo, diklofenaki na ibuprofeni, tumezazo na njaa baada ya kupakia magunia ya kilo 90, huchubua tumbo lenyewe.

Mtu anayekonda bila sababu, anayeshiba kwa matonge machache, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, asingoje siku ya mshahara. Aende hospitali, na akiambiwa aende Kitale au Eldoret akatazamwe tumbo kwa mpira wenye kamera, asikatae.

Twajua kwa nini watu hawaendi. Waogopa kukatwa siku. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ana haki ya siku za ugonjwa kila mwaka: zisizopungua 7 kwa mshahara kamili, kisha 7 kwa nusu mshahara, akimwarifu mwajiri na kuleta cheti cha daktari. Nyapara akikikataa cheti, msigombane naye shambani. Kileteni kwa katibu wa tawi.

Sheria hiyo hiyo yamtaka mwajiri atoe maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Kijidudu hiki chaweza kupita katika maji machafu. Kwa hiyo katika mkutano ujao wa tawi twataka mjumbe wa kila shamba aseme watu wake wanakunywa maji kutoka wapi.