Mama Aliyepasuliwa Asibebe Mtungi



Safari hii hatuandiki habari ya mishahara. Twaandika juu ya wake zetu, na dada zetu tufanyao kazi pamoja nao, ambao huzaa kwa kupasuliwa. Labda mtu atauliza, "Mambo ya uzazi yahusu nini chama cha wafanya kazi?" Jibu letu ni kwamba yahusu likizo, yahusu mizigo, tena yahusu afya. Mambo hayo matatu ndiyo kazi ya chama.

Kwanza tujue kwamba si jambo la watu wachache. Hesabu ya afya iliyofanywa Kenya nzima mwaka 2014 ilionyesha kwamba katika uzazi 100, 9 ulikuwa wa kupasuliwa. Ilipofanywa tena mwaka 2022, ulikuwa 17. Wake zetu wa Kabiria huenda Pumwani, au Mbagathi, au Kenyatta, na si ajabu tena mmoja kurudi nyumbani na kidonda.

Sisi wa reli twaweza kulifahamu neno hili kwa kazi yetu wenyewe. Njia ikifunguliwa, mataruma yakabadilishwa na kokoto mpya zikamwagwa, treni ya kwanza haipiti kwa mwendo wa siku zote. Huwekwa bango la mwendo pole mpaka kokoto zishikamane. Ukitazama reli juu waiona imenyoka, lakini chini bado. Mama aliyepasuliwa ni vivyo hivyo. Daktari hakukata ngozi peke yake. Alikata mafuta, na utando mgumu ulio juu ya misuli, na mfuko wa uzazi wenyewe, kisha akashona. Ngozi yaweza kufunga katika siku 10 hivi, majirani wakasema, "Huyu amepona." Ndani bado. Ndiyo sababu madaktari huagiza kwamba kwa wiki 6 asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake.

Haya, tupige hesabu. Mtoto mchanga ana kilo 3 hivi. Mtungi wa maji wa lita 20 una kilo 20. Hapa kwetu mfereji haufiki kila mlango, na wengi wetu twakaa ghorofani pasipo lifti. Mama akipanda ngazi na mtungi mmoja, amebeba uzito wa watoto sita na zaidi juu ya mshono wake. Kisha iko ndoo ya nepi, na gunia la makaa, na mtoto mkubwa anayelia abebwe. Nani atafanya hayo ikiwa baba ametoka alfajiri na kurudi usiku?

Kupumzika hakuna maana ya kulala kama gogo. Hospitali humtaka mama ainuke na kutembea kidogo kidogo mara tu awezapo, hata siku ile ya kwanza, kwa kuwa damu huweza kuganda miguuni kwa mtu asiyejongea. Akikohoa, ashikize mto juu ya kidonda. Kidonda kiwe safi na kikavu, wala kisikandwe kwa maji ya moto. Ale njahi, mboga na uji, anywe maji mengi. Akipata homa, au kidonda kikiwa chekundu, kikitoa usaha au kufunguka, au damu ikitoka nyingi, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikimpaa, apelekwe hospitali saa ile ile. Asingoje asubuhi.

Wako wasemao kwamba mwanamke aliyepasuliwa ni mvivu, amekwepa uchungu, na kwamba haya ni mambo ya kigeni. Si kweli. Mwaka 1879, kabla ya reli kufika Uganda, Robert Felkin, mganga wa misheni kutoka Uingereza, aliona huko Kahura, katika Bunyoro, mganga wa Kiafrika akimpasua mama. Alitumia pombe ya ndizi kumlewesha na kunawa mikono, akaufunga mkato kwa vijiti vya chuma na uzi wa magome ya mti. Siku ya 11 mkato ulikuwa umefunga, mama na mtoto wazima. Na ndugu zetu wa Pwani humpumzisha mzazi siku 40. Daktari asema wiki 6, yaani siku 42. Wazee na daktari wamepishana siku mbili tu!

Basi sheria yasemaje? Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, sehemu ya 29, yampa mama aliyeajiriwa miezi 3 kwa mshahara kamili, wala hapotezi likizo yake ya mwaka. Baba yampa wiki 2 kwa mshahara kamili. Lakini wake zetu wengi huuza mboga au hufua nguo za watu, hawana tajiri wa kuwapa likizo. Katika nyumba hizo, wiki 2 za baba ndiyo likizo ya pekee.

Mwenzetu mmoja alipoiomba kwa tajiri wake wa zamani, aliulizwa, "Kwani ni wewe uliyezaa?" Akapewa siku 3. Hiyo ni dharau, tena ni kuvunja sheria. Wiki hizo si zawadi ya bwana mkubwa. Ni haki iliyoandikwa.

Kwa hiyo twasema hivi. Kila mwanachama aombe wiki zake 2 kwa barua, abaki na nakala. Akinyimwa, ailete kwa mwakilishi wa chama. Akipewa, asizitumie kwa kibarua kingine wala kwa kukaa kilabuni. Abebe maji, afue, apike. Tena twaomba viongozi wetu, mkataba utakapojadiliwa, wadai wiki 4 kwa baba ambaye mkewe amepasuliwa, maana wiki 2 zaisha mshono ukiwa mbichi. Na dada zetu wakirudi kazini wasianzishwe kwa kunyanyua mizigo, nao wapewe nafasi ya kunyonyesha kama isemavyo Sheria ya Afya ya mwaka 2017.

Hakuna dereva apitaye bango la mwendo pole kwa kasi akasifiwa kuwa hodari. Nasi tusimharakishe mama.

Umoja ni nguvu.

Wafanya kazi wa Reli, Kabiria