Kubana matumizi si kuacha kulipa watu

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu kuhusu kubana matumizi ya Serikali, jambo ambalo kila ufikapo mwezi wa Juni, wakati wa bajeti, hutajwa sana redioni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, na jambo lenyewe naliunga mkono. Nchi inayotumia kuliko inavyokusanya italazimika kukopa, na mkopo mwingi wa nje hulipwa kwa dola. Shilingi ikishuka thamani, deni linapanda hata kama hatukuongeza mkopo mwingine. Tanzania ilisamehewa sehemu ya madeni yake mwaka 2001, ikasamehewa tena mwaka 2006. Hatuwezi kuishi kwa kungojea msamaha wa tatu.

Tena kubana tumekuona. Desemba 2015 sherehe za Uhuru hazikufanyika, na Sh. bilioni 4 zikaelekezwa kwenye upanuzi wa barabara ya Mwenge hadi Morocco, Dar es Salaam. Mwaka 2022 sherehe ziliachwa tena, na Sh. milioni 960 zikaelekezwa kwenye mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Gwaride napenda sana kulitazama, lakini hapo sina ubishi: kilichoachwa kilitajwa, fedha zikatajwa, na zilikokwenda kukatajwa.

Linalonikera, ndugu Mhariri, ni kubana kwa namna nyingine. Mwalimu anahamishwa kutoka kijiji kimoja hadi kingine. Anafunga mizigo, anakodi gari, anasafirisha mke na watoto. Akiuliza fedha za uhamisho anaambiwa fungu halijaja. Mwaka unakwisha, unaingia mwingine. Fundi aliyetengeneza madawati naye anaambiwa hivyo hivyo, na mzabuni anayepeleka maharage shule ya bweni naye pia. Katika hesabu za mwaka inaonekana fedha hazikutoka, na wakubwa wanasema matumizi yamebanwa.

Hapo hakuna kilichookolewa hata kidogo. Serikali imekopa, ila safari hii haikukopa benki, imekopa kwa mwalimu, bila riba na bila kumwuliza. Riba anailipa yeye mwenyewe kwa mkopeshaji wa mtaani. Na yule fundi si mjinga. Zabuni ikija mara ya pili atapandisha bei ya dawati, maana anajua atangoja. Kwa hiyo Serikali hununua ghali kwa sababu tu ya kuchelewa kulipa, na upungufu uliodhaniwa umepunguzwa unarudi kwa mlango wa nyuma.

Uhakiki wa mwaka 2016 ulikuwa jambo jema, kwani watumishi hewa zaidi ya 10,000 waliondolewa katika orodha ya mishahara. Lakini wakati huo huo upandishaji wa madaraja ulisimamishwa, na mwalimu halisi mwenye vumbi la chaki mikononi akangojeshwa kwa ajili ya yule hewa.

Shuleni kwetu ruzuku ikiingia tunabandika karatasi kwenye ubao wa matangazo: kiasi kilichopokelewa, kilichotumika na kilichobaki. Mzazi yeyote akipita anasoma. Napendekeza kila halmashauri nayo ibandike, kila baada ya miezi mitatu, jumla ya madeni inayodaiwa na watumishi, mafundi na wazabuni, na tangu lini. Deni likiwa bado ubaoni, kusiwe na semina hotelini, wala posho za vikao, wala gari jipya la mkubwa. Likishalipwa, semina ziendelee, hatuzikatai zote.

Naomba wahusika watueleze kupitia gazeti hili hili kama jambo hilo linawezekana, na kama haliwezekani, kinachozuia ni kitu gani.

Mwalimu wa Kijijini,
Morogoro.