Mistari ya Kamera Haimwoni Mtoto

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, mmoja wa waumini wetu aliingia garini mwake kurejea nyumbani. Gari hilo limeagizwa kutoka Japani likiwa limekwishatumika, nalo lina kamera nyuma. Kwenye kioo kidogo mbele ya dereva huonekana picha ya nyuma ya gari pamoja na mistari ya kijani, njano na nyekundu. Ndugu yetu alirudi nyuma akiitazama mistari hiyo, asitazame kwingine. Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, na tope lilikuwa limeziba nusu ya lenzi. Ghafla mama mmoja akapiga ukelele, gari likasimama. Nyuma ya gurudumu alikuwapo mtoto mdogo ameinama, akiokota ndala yake.

Alhamdulillahi, hakudhurika. Jioni kamati ilipokutana tuliulizana: kamera ilikuwapo, basi ikawaje?

Jibu ni kwamba kamera peke yake haijui umbali. Picha ni bapa, na ndani yake kitu kidogo kilicho karibu huweza kulingana na kikubwa kilicho mbali. Waundaji wa magari hujua kamera imefungwa kwa kimo gani na imeinamishwa kiasi gani, kisha huchukulia kwamba ardhi iliyo nyuma ni tambarare. Kwa hesabu hiyo, kinachogusa ardhi chini kabisa ya picha ndicho kilicho karibu, na kadiri kinavyopanda juu ya picha ndivyo kinavyohesabiwa kuwa mbali.

Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965, alilieleza jambo linalokaribiana na hili katika Kitab al-Manazir. Alibainisha kwamba jicho hutambua umbali wa kitu kwa kuiona ardhi iliyotandazwa kati yake na kitu hicho. Ardhi hiyo isipoonekana, jicho hukosea. Kamera nayo hukosea vivyo hivyo. Ardhi ya nyuma ikiwa na mwinuko, kitu huonekana kiko mbali kuliko kilivyo. Lori ambalo bodi yake imechomoza juu ya magurudumu huweza kugongwa na dereva aliyeona kwenye kioo kwamba nafasi bado ipo.

Yapo magari yanayopima kwa njia madhubuti zaidi. Baadhi hutumia kamera mbili zilizoachana kidogo, mithili ya macho mawili, na kompyuta hulinganisha picha zake: kitu kilicho karibu huhama zaidi kati ya picha moja na nyingine. Mengine hutumia kamera moja, lakini hulinganisha picha zilizopigwa gari likiwa linasogea. Mwaka 2003 kampuni ya Toyota iliuza nchini Japani gari la Prius lililoweza kujizungushia usukani wakati wa kuegeshwa. Hata hivyo, dereva ndiye aliyethibitisha nafasi kwenye kioo, na mguu wake ulibaki kwenye breki.

Magari mengi tuliyo nayo hayakufika huko. Mistari tunayoiona imechorwa tu juu ya picha. Haipimi chochote wala haitambui kama kilichoingia kati yake ni jiwe au mtoto. Asiyelijua hili hudhani kwamba maadamu kifaa hakijalia, njia ni nyeupe.

Hatusemi kamera haina faida. Nchini Marekani, mwaka 2002, mtoto wa miaka miwili, Cameron Gulbransen, aliuawa na gari lililokuwa likirudishwa nyuma na baba yake mwenyewe nyumbani kwao. Sheria iliyopewa jina lake ilitiwa saini mwaka 2008, na tangu Mei 2018 kila gari dogo jipya linalouzwa nchini humo sharti limwoneshe dereva eneo la nyuma. Baba yule hakuwa mzembe; alinyimwa kuona. Sisi tuliopewa kifaa cha kuonea tutasema nini tukiacha kukifuta tope?

Kwa hiyo kamati imekubaliana mambo matatu. Kila dereva aifute lenzi na kulizunguka gari lake kwa miguu kabla ya kuliwasha. Kijana mmoja atasimama uwanjani kila Ijumaa kuongoza magari yanayorudi nyuma. Na wazazi wawashike watoto mikono hadi magari yatoke. Tunawaomba wasomaji wayafanye haya majumbani pia, kwa kuwa uani ndiko mtoto anakojiona yuko salama, naye humkimbilia baba asubuhi anapoondoka.

Ndugu yetu yule ametuomba radhi, naye amekuwa wa kwanza kujitolea kuongoza magari Ijumaa ijayo.

Wabillahi tawfiq.