MAMBO YA NYUMBANI: Kikaango Kisichotaka Majivu

Majuma haya mabibi kadhaa wa hapa Kilimani, na mabwana wawili watatu pia, wameniuliza swali moja: kwa nini vile vikaango vyeusi visivyoshika chakula, viitwavyo nonstiki, huharibika kabla mwaka haujaisha, hali sufuria za mama zetu zingalipo? Ninayo sababu ya kulijibu swali hili, kwa maana cha kwangu kimeharibika, na aliyekiharibu ni mimi mwenyewe.

Habari yenyewe ni hii. Nilinunua kikaango cha namna hiyo katika duka moja la Barabara ya Ngong. Baada ya miezi michache mayai yakaanza kukwama. Nilipokitazama nikaona mikwaruzo. Nikamwita dada atusaidiaye kazi za nyumbani, nikamwambia kwa ukali kwamba bei yake itakatwa katika mshahara wake. Hakujitetea, alisema tu, "Nisamehe, baba. Nilikuwa nakisugua king'ae." Ndipo mke wangu aliponiuliza kwa sauti ya taratibu, "Baba Wanjiru, na ile Jumamosi ya moshi?"

Nikanyamaza. Jumamosi hiyo niliinjika kikaango kitupu juu ya moto mkali wa gesi, nikaenda langoni kumpokea mgeni, mazungumzo yakanoga. Niliporudi jikoni mlikuwa mmejaa moshi wenye harufu kali, nami sikumwambia mtu neno.

Yafaa tujue ule weusi ni kitu gani. Ni ngozi nyembamba ya plastiki ya namna yake, ambayo jina lake la biashara lijulikanalo zaidi ni Teflon. Mwaka 1938, huko Marekani, mkemia Roy Plunkett alikuwa akifanya majaribio ya gesi za mashine za baridi, akakuta gesi ya mtungi mmoja imegeuka unga mweupe wenye utelezi. Mwaka 1954 Mfaransa Marc Grégoire alipata njia ya kuishikamanisha plastiki hiyo na aluminiamu, na yasimuliwa kwamba mkewe ndiye aliyemshauri aitie katika vikaango vyake. Mwaka 1956 kampuni ya Tefal ikaanzishwa.

Ngozi hiyo ina adui wawili. Wa kwanza ni moto bila chakula. Huanza kuharibika joto lipitapo digrii 260 hivi za Selsiasi. Maadamu chakula kingali na maji hakuna hatari, kwani hapa Nairobi, kwa sababu ya kimo cha nchi, maji huchemka kwenye digrii 95 hivi. Lakini kikaango kitupu juu ya moto mkali hupita kipimo hicho kwa dakika chache tu. Joto likizidi digrii 350 hutoka moshi mbaya, ambao huua ndege wafugwao ndani ya nyumba, na mtu aweza kupata homa na kubanwa na kifua. Basi tia mafuta kwanza, moto uwe wa kadiri, wala usiondoke.

Adui wa pili ni bidii yetu. Sisi tulilelewa kusugua sufuria kwa majivu na mchanga, na mwanamke alisifiwa kwa sufuria zake kumetameta. Sufuria ya mafundi wa jua kali wa Kamukunji hustahimili hayo yote, maana ni aluminiamu tupu. Kikaango hiki hakistahimili. Kisugue kwa sifongo laini, maji ya vuguvugu na sabuni. Geuza chakula kwa mwiko wa mti, si kwa kijiko cha chuma. Kiache kipoe kabla ya kukitia maji, nacho usikipange chini ya sufuria nyingine bila kitambaa kati yake. Tena usikisongee ugali. Mpe kila mtumishi kazi yake.

Katika kununua, kipime kwa mkono. Kilicho chepesi kama karatasi hupata moto upande mmoja na kupinda; chenye kitako kinene hueneza joto sawasawa. Tazama mpini kama umekazwa vema. Soma pia maandishi ya karatasi yake. Zamani viwanda vilitumia kemikali iitwayo PFOA, ambayo mwaka 2019 iliingizwa katika Mkataba wa Stockholm, na mwaka 2023 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliihesabu miongoni mwa vitu viletavyo saratani. Viwanda vikubwa vya Marekani viliiacha kufikia mwaka 2015. Chagua kilichoandikwa kwamba hakina. Viko pia vya ngozi ya kauri: hivyo huvumilia joto zaidi, lakini utelezi wake huisha upesi.

Kipande kidogo cha ngozi kikimezwa hupita tumboni bila kudhuru, basi pasiwe na hofu kubwa. Lakini kikaango kilichobambuka kimekwisha kazi yake, kiondoe jikoni.

Nilimwomba dada yule radhi mbele ya mke wangu, na mshahara wake haukukatwa hata senti. Yeye alikisugua kama mama yake alivyomfundisha, wala hapana mtu nyumbani mwangu aliyemwambia kwamba chombo hiki kina desturi nyingine. Atakaye chombo kipya jikoni na amfundishe mtumiaji siku ile ile kinapofunguliwa. Na mwenye nyumba akiona mikwaruzo, kabla ya kupaza sauti, na akumbuke Jumamosi zake mwenyewe.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhifadhi unga usiingie fukusi.