Tumbaku Si Dawa ya Usahaulifu

Kina mama kadhaa wametuuliza iwapo ni kweli kwamba tumbaku huamsha akili ya mzee aliyeanza kusahau, na kwamba bibi asinyimwe tumbaku ndani ya tambuu yake. Neno hili lina chembe ya elimu iliyofunikwa na dhana nyingi. Basi na tulipembue.

Seli za ubongo hupelekeana habari kwa kemikali. Mojawapo ni asetilikolini, yenye kazi kubwa katika kumbukumbu na umakini. Seli inayopokea habari ina vipokezi, mfano wa kufuli zinazongoja funguo zake. Baadhi ya kufuli hizo hufunguliwa pia na nikotini iliyomo katika tumbaku, ndiyo maana wataalamu wakaviita vipokezi vya nikotini. Jina limetoka kwenye tumbaku, lakini vipokezi havikuumbwa kwa ajili yake.

Mtu azeekapo, vipokezi hivi hupungua. Katika maradhi ya Alzheimer, aliyoyaeleza tabibu Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906, hupungua zaidi, na seli zitoazo asetilikolini hufa. Mjumbe amekuwa haba, na mlango wa kupokelewa umekuwa haba. Ndipo mzazi huuliza swali lile lile mara tano. Huo si ukaidi wala si uchawi.

Zipo dawa, kama donepezili, zinazozuia asetilikolini isivunjwevunjwe upesi. Hupunguza dalili kwa muda, ila haziponyi.

Je, nikotini? Wagonjwa wa Parkinson walibandikwa plasta za nikotini kwa mwaka mzima. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha kuwa maradhi hayakupungua kasi. Sigara nayo huharibu mishipa ya damu na kuongeza hatari ya usahaulifu, na tumbaku ya kutafuna huleta saratani ya kinywa. Ni wema gani huo wa kumtilia mzazi madhara mkononi?

Basi mzee akianza kusahau, apelekwe kwa daktari mapema. Huenda ikawa ni upungufu wa vitamini B12 au udhaifu wa tezi ya shingoni, na hayo hutibika. Nyumbani asikemewe wala asichekwe mbele ya wajukuu. Ajibiwe kwa upole hata mara ya sita. Alitujibu sisi mara nyingi zaidi tulipokuwa wadogo.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazee wetu, na atujaalie subira katika kuwatumikia. Amin.